Kirusi cha Ebola: kina uhai ao hapana?

Mugonjwa amekufa. Basi kirusi nacho kimekufa pamoja naye? Ulizo hilo lilikuwa na uzito katika matanga mengi ya Beni, Mangina na Butembo, tangu Ebola ilipotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018 hadi ilipomalizika tarehe 25 mwezi wa 6, 2020. Watu 2.287 walipoteza maisha.

Kwa Kiswahili, maisha ni namna mutu anaishi: kazi, chakula, watoto. Uzima ni ile afya ambayo watu wanaulizana asubuhi. Uhai njo neno la wasomi wa biolojia, na wanaliwekea masharti: kitu chenye uhai kinajengwa na seli, kinapata nguvu kutoka chakula ao jua, kinakua, na kinazaa kingine cha aina yake. Muhogo wa shambani unatimiza yote. Hata bakteria ya kipindupindu, yenye seli moja tu, inatimiza.

Kirusi cha Ebola hakina seli. Hakili, hakipumui, hakikui. Ni maagizo ya urithi yenye jeni 7, yamefungwa ndani ya protini na ngozi nyembamba ya mafuta. Kikiingia ndani ya seli ya mutu, kinailazimisha kutengeneza nakala zake, sawa mugeni anayevamia jiko la wenyewe na kupika kwa unga wao na makala yao. Ndiyo maana wasomi wengi wanakataa kukiita kiumbe hai. Wengine wanabisha mpaka leo (ubishi ambao, kusema kweli, haumusaidii mugonjwa).

Lakini kwa kuwa hakitegemei pumzi ya marehemu, kinaweza kubaki na nguvu ya kuambukiza siku kadhaa katika damu na majimaji ya maiti. Njo sababu jamaa walikatazwa kuosha mwili, jambo lililoumiza familia nyingi. Hata kwa mwanaume aliyepona, kinaweza kujificha katika mbegu za kiume zaidi ya mwaka. Mulipuko mudogo wa Butembo wa mwezi wa 2, 2021 ulihusishwa na ule wa mbele.

Sabuni haikiui sawa mutu anavyoua mende. Inayeyusha ile ngozi ya mafuta na kirusi kinavunjika. Antibiotiki hazikifanyi kitu, kwani zinashambulia kazi za seli ya bakteria. Dawa mbili zilizojaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, zinazoitwa leo Inmazeb na Ebanga, zinakikamata mbele kiingie ndani ya seli.