Vitabu vya Wapolandi wa Tengeru

Sisi wa Songwa, tuliozoea wageni wa almasi tangu Mkanada John Williamson alipoigundua hazina ya Mwadui mwaka 1940, ni vyema tukumbuke pia wageni walioingia Tanganyika mwaka 1942 wakitafuta amani tu: Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, ambao serikali ya Stalin iliwahamisha kwa nguvu hadi Siberia, na ambao, baada ya kuachiliwa na kupitia Iran, walipewa makao Tengeru, karibu na Arusha.

Pamoja na kanisa, skuli na hospitali, walikuwa na maktaba ya lugha yao. Na kwa kuwa vita vilikwisha kuwafungia njia ya kwao, vitabu vya masomo vilichapishwa na wenzao Yerusalemu, vikaletwa Afrika, hata mtoto akajifunza sarufi ya wazee wake chini ya mlima Meru.

Ibra yake ni kubwa: nyumba huachwa na shamba hunyang'anywa, ila lugha iliyohifadhiwa kitabuni humfuata mwenyewe popote. Basi watoto wetu waendao ng'ambo nao tuwafungie vitabu vya Kiswahili katika mizigo yao.