Stephen Keshi, kapiteni aliyegeuka mwalimu

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo walivyonena wazee. Katika mambo ya mpira wa miguu, wakubwa wengi wa Afrika wameishika methali hiyo kupita kiasi. Timu ikiugua, huagizwa mganga kutoka Ulaya. Basi, wasomaji wapenzi, tuutazame mwendo wa mtu mmoja wa Nigeria, mwenyeji aliyeponya bila kusadikiwa na watu wa nyumba yake.

Stephen Keshi alizaliwa mwaka 1962. Alikuwa mlinzi wa katikati, mwenye nguvu na sauti ya kuamuru, na wenzake wakampa jina la Bosi Mkubwa. Mwaka 1985 shirikisho la nchi yake lilimfungia kwa kuchelewa kufika kambini. Naye akaenda Abidjan, kisha Ubelgiji: kwanza Lokeren, halafu Anderlecht, ambayo alitwaa nayo ubingwa wa nchi ile mwaka 1991. Adhabu ikawa njia, maana vijana wengi wa Nigeria walimfuata Ulaya. Tarehe 10 Aprili 1994, mjini Tunis, Nigeria iliifunga Zambia mabao 2 kwa 1, naye kapiteni akaliinua Kombe la Afrika.

Alipoacha kucheza akashika kazi ya ualimu wa mpira, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Tarehe 8 Oktoba 2005, ng'ambo ya mto wetu, huko Brazzaville, Togo chini yake iliishinda Congo mabao 3 kwa 2, ikapata nafasi katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Nchi ndogo kama ile! Lakini katika Kombe la Afrika la mwaka 2006, nchini Misri, Togo ilishindwa michezo yote mitatu, wa kwanza ukiwa mbele ya Leopards wetu, 2 kwa 0. Keshi akaondolewa, na Mjerumani Otto Pfister ndiye aliyewapeleka Watogo katika Kombe la Dunia. Aliyelima shamba hakualikwa kwenye mavuno. Baadaye alifundisha Mali, nako hakukaa sana.

Mwaka 2011 Nigeria ilimwita nyumbani. Alipochagua watu wa Kombe la Afrika la 2013, huko Afrika Kusini, aliwaacha baadhi ya wachezaji wenye majina makubwa Ulaya, akachukua vijana kadhaa waliokuwa wakicheza Nigeria kwenyewe. Wengi walinung'unika. Michezo miwili ya kwanza ilikuwa sare, na manung'uniko yakazidi. Kisha Côte d'Ivoire, iliyotazamiwa na wengi kutwaa kombe, ikalala 2 kwa 1. Bao la ushindi lilifungwa na Sunday Mba, mmoja wa vijana wale wa nyumbani. Tarehe 10 Februari, mjini Johannesburg, Mba huyo huyo aliifunga Burkina Faso bao la pekee la fainali. Kabla ya Keshi, ni Mahmoud El-Gohary wa Misri peke yake aliyekuwa ametwaa kombe lile kama mchezaji na kama mwalimu.

Kesho yake Keshi alitangaza redioni kwamba anaacha kazi, kwa kuona wakubwa hawamheshimu. Aliombwa, akabaki. Mwaka ule ule akakaa miezi kadhaa bila mshahara! Je, mwalimu mgeni angalivumilia hayo?

Huko Brazil, mwaka 2014, aliifikisha Nigeria katika timu 16 za mwisho za Kombe la Dunia, jambo ambalo hakuna mwalimu Mwafrika aliyekuwa amelifanya, kabla ya kushindwa na Ufaransa 2 kwa 0. Mwezi wa Julai 2015 akafukuzwa, kwa shtaka la kuomba kazi Côte d'Ivoire, naye alilikana. Desemba mkewe akafariki. Keshi mwenyewe alifariki katika mji wa Benin, Nigeria, tarehe 7 Juni 2016, akiwa na umri wa miaka 54.

Miezi miwili baadaye shirikisho lilimwajiri Gernot Rohr, Mjerumani. Uwanja mkubwa wa mji wa Asaba umepewa jina la Stephen Keshi.