Mwamuzi wa Ngoma

Mwaka 1982 nchi sita za Ulaya zilipeleka kila moja kijana wake katika mji wa Manchester, Uingereza, ili washindane kwa kupiga ala za muziki. Mabingwa wa kazi hiyo walikaa, wakasikiliza, kisha wakampa ushindi Markus Pawlik, mpiga piano wa Ujerumani ya Magharibi.

Huku kwetu Usukuma, ambako ndiko Nyashimo iliko, ngoma zimeshindanishwa tangu karne ya 19, lakini mwamuzi wake ni mwingine kabisa. Yasimuliwa ya kuwa waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana ni nani mwenye dawa yenye nguvu kupita mwenziwe, wakakubaliana kushindana kwa ngoma. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wale wa Gumha wakaitwa Bagalu.

Mashindano hufanywa baada ya mavuno, chakula kikiwa ghalani na watu wana nafasi. Pande zote mbili hucheza wakati mmoja, zikitengana kidogo tu, na watazamaji wana ruhusa kwenda huku na huko. Upande uliozungukwa na watu wengi ndio ulioshinda.

Basi fikirini, ninyi msomao, taabu ya manju! Watu wakianza kumwacha, hana wa kumlalamikia. Hana budi kubuni neno papo hapo: wimbo wa kumkejeli mpinzani, vazi la ajabu, pengine hata chatu. Wachezaji wa bugobogobo huja na majembe, wakayarusha, wakayazungusha na kuyadaka kwa kufuata mapigo ya ngoma, maana mchezo huo umetokana na vijana waliolima pamoja. Tena manju walitumia dawa ya kuvuta watu, iitwayo samba. Nami nadhani wimbo mpya ulivuta zaidi.

Atokaye Nyashimo kwa njia kuu ya Mwanza, akiisha kupita Magu, hufika Kisesa, na karibu yake ni Bujora. Hapo Padre David Clement, mtu wa Kanada, aliyatia mashindano haya katika sikukuu ya Ekaristi, iitwayo Bulabo, yaani maua.

Uamuzi wa namna hii una kasoro yake. Nyoka mmoja aweza kumnyang'anya mwimbaji hodari watu wake wote, jambo ambalo yule mpiga piano wa Manchester hakuwa na haja ya kuliogopa.