Kiungo cha Chuma na Zege: Usanifu, Istilahi na Ujenzi katika Mazingira ya Sangailu

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chuma kinavyounganishwa na zege, na jinsi utaratibu wa kusanifu kiungo hicho unavyoweza kuboreshwa. Mfano unaotumiwa ni wa Sangailu, katika Eneobunge la Ijara, Kaunti ya Garissa. Katika nyika za kaskazini mashariki mwa Kenya, tangi la maji lililoinuliwa juu ya mnara wa chuma ni tegemeo la watu na mifugo yao. Mnara huo ukianguka wakati wa ukame, hasara yake haipimwi kwa bei ya vyuma. Hoja kuu ya makala ni kwamba kiungo huanza kudhoofika katika karatasi na katika maneno, kabla hakijadhoofika katika msingi.

Maana ya kiungo

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, ambao hugeuka kuwa kama jiwe. Zege huhimili sana kugandamizwa, lakini nguvu yake ya kuhimili kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ile ya kugandamizwa. Chuma huhimili yote mawili. Vitu hivi viwili hupatana kwa sababu hutanuka kwa kiasi kinachokaribiana vinapopata joto, na kwa sababu zege lililo zima hukinga chuma kisishike kutu.

Mguu wa mnara hauchomekwi tu ndani ya zege. Kwa kawaida chini yake hulehemiwa bamba la kitako lenye matundu. Bolti za nanga hutangulizwa katika msingi zege likiwa bado bichi, kisha bamba huvishwa juu yake na kukazwa kwa nati. Nafasi iliyobaki chini ya bamba hujazwa rojo zito la saruji. Kazi ya kiungo hicho ni kupokea kani zote za mnara na kuzikabidhi kwa msingi.

Mfano wa tangi tupu

Tuchukue mfano wa mnara wenye miguu minne, iliyoachana kwa mita 3 kila upande, uliobeba tangi la lita 10,000. Tangi likijaa, maji peke yake yana uzito wa tani 10, yaani takriban kiloniutoni 100. Kila mguu hupata 25. Tuseme mnara na tangi tupu vina uzito wa kiloniutoni 14.4, yaani 3.6 kwa kila mguu. Tuseme pia upepo unalisukuma tangi kwa kani ya kiloniutoni 8, katika kimo cha mita 7.5 juu ya msingi. Msukumo huo hutaka kuupindua mnara, na kila mmoja wa miguu miwili iliyo upande wa upepo hunyanyuliwa kwa kiloniutoni 10.

Tangi likiwa limejaa, mguu una uzito wa 28.6 dhidi ya mnyanyuo wa 10, nao hutulia. Tangi likiwa tupu, mguu una uzito wa 3.6 tu. Kiloniutoni 6.4 zilizobaki lazima zishikwe na bolti, la sivyo mnara utang'oka. Kwa hiyo, mhandisi aliyepiga hesabu ya tangi lililojaa pekee amepiga hesabu ya siku ya neema. Siku ya hatari ni ile ya kiangazi, maji yamekwisha na upepo unavuma.

Namna kiungo kinavyoshindwa

Bolti yenyewe inaweza kukatika, au kuchomoka kutoka katika zege. Aidha, zege linaweza kung'oka pamoja na bolti katika umbo la faneli, ncha ikiwa chini na mdomo juu. Kwa bolti iliyozama milimita 200, mdomo wa faneli hiyo hukadiriwa kuenea kama milimita 300 kila upande. Msingi ukiwa mwembamba na bolti ikiwa karibu na ukingo, faneli haikamiliki na nguvu hupungua. Kina nacho kina uzito wake: pakiwa na nafasi ya kutosha, kukizidisha mara mbili huongeza nguvu ya zege hilo takriban mara 2.8.

Isitoshe, maji ya visima vingi vya Garissa yana chumvi. Zege lililochanganywa kwa maji hayo hupoteza kinga yake, na bolti huliwa na kutu mahali ambapo jicho halifiki.

Kasoro ya utaratibu

Kwa muda mrefu kiungo hiki kimekuwa mtoto wa kambo. Msanifu wa chuma huishia kwenye bamba, na msanifu wa zege huanzia kwenye msingi. Kani hunakiliwa kwa mkono kutoka hesabu moja hadi nyingine. Kimo cha mnara kikibadilishwa, mmoja huenda asipate habari. Matokeo yake huonekana kazini: matundu ya bamba hayalingani na bolti, ama bolti zimegongana na nondo. Fundi aliye mbali na mhandisi hulazimika kuipinda bolti kwa nyundo au kutoboa tundu jipya kwa moto, na nguvu iliyokadiriwa hupotea.

Nyaraka za kuongoza kazi hii zipo. Sehemu ya nne ya kanuni za Ulaya za zege, iliyotolewa mwaka 2018, inahusu nanga peke yake. Nchini Kenya, Kanuni ya Taifa ya Majengo ya mwaka 2024 ilianza kutumika Machi 2025 na kuchukua nafasi ya kanuni za mwaka 1968. Hata hivyo, kanuni haiwezi kuziba pengo lililo kati ya watu wawili wasiozungumza.

Utaratibu ulio bora

Kwanza, kiungo kiwe na mwenyewe: mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye anayekisanifu, chuma na zege pamoja. Pili, hali zote za mzigo ziorodheshwe, tangi tupu likiwa la kwanza. Tatu, kani zihamishwe moja kwa moja ndani ya programu za kompyuta, au, zikinakiliwa kwa mkono, zihakikiwe na mtu wa pili. Nne, bolti na nondo zichorwe katika mchoro mmoja kabla ya vipimo vya msingi kukatwa. Tano, kiolezo cha bamba kitengenezwe pamoja na bamba lenyewe, kisha kitumike kushika bolti wakati wa kumwaga zege. Sita, kila badiliko lipewe tarehe na limfikie fundi.

Mafundi wa kale wa Lamu, kaunti inayopakana na Garissa, walilijua jambo hili kwa njia yao. Urefu wa boriti ya mkoko ndio uliowaamulia upana wa chumba, kwa hiyo ukuta na boriti vilifikiriwa pamoja tangu mwanzo.

Nafasi ya istilahi

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Hesabu za mhandisi huwa kwa Kiingereza, wenyeji wa Sangailu huzungumza Kisomali, na fundi mara nyingi hupokea maagizo kwa Kiswahili. Katika kamusi, saruji ni ule unga, na zege ni mchanganyiko uliokamilika. Lakini nchini Kenya neno saruji hutumika pia kwa zege lenyewe, kama katika msemo "msitu wa saruji". Agizo la "kujaza saruji chini ya bamba" laweza basi kueleweka kuwa ni rojo, au ni zege lenye kokoto ambalo halitapenya katika nafasi nyembamba. Vivyo hivyo, neno chuma pekee halitofautishi nondo, bolti na bamba.

Dawa yake ni ukurasa mmoja wa Kiswahili ulioambatanishwa na mchoro, wenye majina ya sehemu, kina cha bolti, umbali kutoka ukingoni, aina ya maji na mpangilio wa kazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ukurasa kama huo ni matumizi halali ya hadhi hiyo.

Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa uimara wa kiungo hutokana na kufikiriwa mapema, kwa hali zote, na kwa maneno yasiyo na utata. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa unaohusika hapa uko kati ya michoro miwili na kati ya maneno mawili. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kushirikiana na wenzao wa uhandisi, kuyakusanya maneno ya mafundi walipo, kuyasanifisha, na kuyarudisha kwao yakiwa na maana moja.