Asiyekuwapo na Lake Halipo

Je, msomaji, umewahi kupumzika katika bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi ukajiuliza mwenye jina hilo alikuwa nani? Wengi hawajui kwamba alianzia hapa kwetu Pwani, ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Mnamo 1890 alianza biashara Mombasa, na reli ya Uganda ilipojengwa akapata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi. Alitajirika kwelikweli. Alianzisha gazeti la African Standard, ambalo leo ni The Standard. Bustani yenyewe aliwapa wakazi wa Nairobi mwaka 1906.

Hata hivyo, utajiri haukumpa haki. Nyanda za juu zilitengewa Wazungu, na Mhindi hakupewa shamba huko hata awe na mali kiasi gani. Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Sauti yake moja ilimezwa na za wengi. Mwaka 1910 alifika London na kulalamika hadharani juu ya ubaguzi huo.

Pengine utauliza: hayo yatuhusu nini sisi wa Diani na Msambweni? Yatuhusu sana. Mwaka 1908 ilitungwa sheria iliyowataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani wayaandikishe. Ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya serikali. Barazani hamkuwa na Mdigo wa kueleza kwamba shamba la ukoo hulindwa na wazee, si karatasi. Mwafrika wa kwanza kuingia humo, Eliud Mathu, aliteuliwa 1944. Ronald Ngala alichaguliwa kuwakilisha Pwani mwaka 1957, miaka 49 baada ya sheria ile. Hadi leo, Kwale ina familia zinazoitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao.

Jeevanjee alifariki mwaka 1936, sehemu kubwa ya mali yake ikiwa imekwisha. Hata hivyo, malalamiko ya watu wake yalikuwa yamefika barazani.

Basi mzazi, mwanao akikuuliza kura ina faida gani, msimulie habari hii. Nawe mwanafunzi, ukisikia kuna kikao cha ardhi kijijini kwenu, hudhuria. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.