Kuku wa walima na hesabu ya saa za joto

Kuku aliyechinjwa kwa kufuata Sheria ni halali. Hata hivyo, katika safari ya kilomita 70 hivi kutoka masoko ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo, anaweza kuipoteza sifa inayotajwa pamoja na uhalali, nayo ni kuwa tayyib. Anachinjwa alfajiri, anatiwa kwenye kiroba angali na joto la mwili wake, na kufikia adhuhuri ya kaskazi bado anasubiri sufuria ya pilau.

Mara nyingi kuku mbichi hubeba bakteria, wakiwemo salmonela. Kasi ya kuzaliana kwao hutabirika. Mwaka 1982 Ratkowsky na wenzake, huko Tasmania, Australia, walichapisha kanuni ambayo hata mwanafunzi wa msingi aweza kuikokotoa. Kwa salmonela, toa takriban 5 katika nyuzijoto za nyama, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Nyuzi 15 hutoa 100. Nyuzi 30 hutoa 625. Joto limeongezeka maradufu, lakini kasi imepanda zaidi ya mara sita.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba jokofu halifuti kilichokwisha kuzaliana. Tuchukue mfano: bakteria 100 wakiongezeka maradufu kila dakika 40, baada ya saa nne watakuwa 6,400. Baridi ya nyuzi 4 itawasimamisha hapo, na hata wakigandishwa wengi watabaki hai. Umeme ukikatika, au nyama ikitolewa mapema na kupata joto lilelile kwa saa mbili nyingine, hesabu haianzi upya kwenye 100. Huendelea hadi 51,200. Kwa hiyo saa zote za joto hujumlishwa, tangu machinjioni hadi jikoni.

Wala pua haitoshi kuwa hakimu. Harufu mbaya hutokana zaidi na bakteria wa jamii nyingine, wanaostawi hata kwenye baridi. Kuku asiye na harufu huenda amejaa salmonela.

Wapishi wetu wa shughuli hujitetea kwa moto, na wana haki: nyama ikifika nyuzi 70 hadi ndani, salmonela hufa. Ila kachumbari haipikwi. Maji ya kuku mbichi yakibaki kwenye ubao au kisu kinachokatia nyanya, yataingia sinia moja na pilau iliyoiva, mbele ya wageni, wazee na watoto.