Riwaya Isiyo na Isnadi

Sisi watu wa pwani tuliolelewa chuoni hatuiamini riwaya upesi. Habari tuliyofunzwa kuiheshimu ni ile yenye isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Riwaya haina wa kuulizwa. Hata hivyo, hapa Machakos nimejikuta naisoma moja, tena nene kupita kiasi, kwa ajili ya taarikhi.

Ni "Broken Drum" ya David Maillu, iliyotoka mwaka 1991. Ina kurasa zaidi ya 1,000, na imekusanya kama miaka 200 ya maisha ya Wakamba. Wengi wetu twamjua Maillu, mzaliwa wa 1939, kwa vitabu vyake vidogo vya miaka ya 1970, ambavyo Tanzania ilivipiga marufuku. Sivitetei, si vitabu vya kuachwa mezani akiwapo mama mkwe. Lakini ndiye yeye aliyekaa kitako akaandika haya.

Na kazi hiyo ilihitajiwa. Taarikhi ya Machakos aghlabu huanzishwa kwa ngome ya kampuni ya Kiingereza, mwaka 1889, kana kwamba kabla yake palikuwa na nyasi tupu. Ilhali Wakamba walikuwa wakishuka Mombasa na pembe zao kabla misafara yetu haijawapiku!

Mathalan Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe, ikidai ni wengi mno na wanaharibu ardhi. Maelfu wakaenda Nairobi, wakakaa huko majuma kadhaa wakimtaka Gavana. Serikali ikalegeza kamba kwa ng'ombe, ila kiongozi wao ikamhamishia Lamu. Lamu yetu! Mtu wa ng'ombe akaachwa baina ya punda na majahazi. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake. Huko Lamu alikula kwa nani? Nani alimfunza Kiamu? Faili la serikali halina haja na maswali hayo. Mtunzi wa riwaya anayo.

Mchina aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 alijipa jina Mo Yan, yaani "usiseme", naye akasema mengi. Wa kwetu, Abdulrazak Gurnah wa Unguja, aliipata mwaka 2021. Katika "Paradise" ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa jina "Peponi", mtoto Yusuf atolewa rehani kwa deni la babake. Kitabu hicho chatuuma, na ni haki kituume. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, na bado ziko nyumba ambamo asili ya bibi haiulizwi mbele ya wageni.

Ama Muindi, isnadi yake ilikuwako. Ilikuwa vinywani mwa wazee wa Lamu waliomwona akipita mitaani. Na wazee hao, kama wamebaki, wanahesabika kwa vidole.